Kutoka kitengo cha usonji hadi uhadhiri: mwongozo kamili wa utafiti unaofungua mlango

Kila mwaka nasoma maandiko ya walimu wa elimu maalumu wanaotaka kuingia chuo kikuu, na kila mwaka kosa ni lile lile. Mwalimu amekaa miaka minane na watoto wenye usonji. Anajua nani huziba masikio kengele ikilia, na nani hatulii mpaka akalie mkeka wake mwenyewe. Akishika kalamu, anaandika pendekezo la utafiti liitwalo "Changamoto zinazowakabili wanafunzi wenye usonji katika Wilaya ya" fulani. Anagawa hojaji kwa walimu 60, anarudi na jibu kwamba vifaa ni haba, madarasa yamejaa na wazazi wanahitaji elimu. Hayo yote yalijulikana kabla hajachapa ukurasa wa kwanza.

Anafaulu, anavaa joho. Miaka mitatu baadaye ananiuliza kwa nini hakuna msimamizi wa uzamivu anayejibu barua zake.

Nimemwandikia yeye, na wewe uliye njia moja naye. Msimamizi wa uchanganuzi wa tabia, fani inayopima vitendo vya mtu na jinsi mafundisho yanavyovibadilisha, anamtafuta mtu aliyemfundisha mtoto jambo moja, akalipima, kisha akaonyesha kwamba mafundisho yake ndiyo yaliyoleta mabadiliko. Mwalimu wa kitengo ana nafasi ya kuifanya kazi hiyo kuliko mtu yeyote aliyekaa ofisini. Anachokosa ni utaratibu tu.

## Andaa hivi kwanza

- Idhini ya mwajiri ya kusoma. Mwalimu wa serikali asiyekuwa nayo hujikuta matatani katikati ya safari.
- Watoto watatu wenye hitaji linalofanana, ambao utakuwa nao kwa angalau miezi minne.
- Mtu wa pili wa kuhesabu pamoja nawe: mwalimu mwenzako, mwalimu wa mazoezi au mlezi wa kitengo aliye tayari kufundishwa.
- Daftari lenye mistari, kalamu za wino, saa ya simu, na punje za maharage (matumizi yake utayaona mbele).
- Kompyuta yenye Excel au programu yoyote ya bure ya majedwali.
- Kabati linalofungwa kwa ufunguo, kwa ajili ya fomu za wazazi.
- Kalenda ya shule. Ukianza kupima wiki mbili kabla ya likizo ya Juni, kazi itakatika na utaanza upya Julai.

Fedha nyingi hazihitajiki. Utafiti ninaoueleza hapa unaweza kufanyika kwa gharama ya fotokopi na makopo kadhaa ya plastiki.

## Hatua ya 1: Jua mlango unaoubisha

Tanzania, ngazi za taaluma chuoni huanzia Mkufunzi Msaidizi, kisha Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa. Mwenye uzamili huingilia Uhadhiri Msaidizi. Ili uitwe Mhadhiri unahitaji uzamivu. Kenya nako ni vivyo hivyo: bila uzamivu unabaki katika ngazi za chini ya Mhadhiri.

Angalia alama zako mapema. Matangazo ya vyuo vikuu vya umma Tanzania kwa muda mrefu yamekuwa yakidai GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, kati ya 5. Soma tangazo lenyewe, kwa maana masharti hubadilika. Kama shahada yako ya kwanza iko chini ya kiwango hicho, usikate tamaa, lakini usijidanganye pia: vyuo binafsi, vyuo vya ualimu na taasisi za utafiti huenda vikakufaa zaidi mwanzoni.

Kuhusu mahali pa kusomea uzamili, Afrika Mashariki ina vyuo vyenye mizizi katika elimu maalumu: Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kenyatta na Maseno kwa upande wa Kenya, na Kyambogo nchini Uganda. Uliza swali moja tu kabla ya kulipa ada: je, kuna mhadhiri atakayekubali kusimamia utafiti wa majaribio kwa watoto watatu, au wote wanasimamia hojaji? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina la chuo.

Tahadhari ya cheti. Kwenye makundi ya WhatsApp yanazunguka matangazo ya kozi za "kuwa mchanganuzi wa tabia wa kimataifa". BACB, bodi ya Marekani inayotoa cheti cha mchanganuzi wa tabia kiitwacho BCBA, tangu 1 Januari 2023 imefunga maombi mapya kwa watu wengi wanaoishi nje ya Marekani na Kanada. Mashirika mengine kama IBAO na QABA hupokea waombaji wa kimataifa. Lakini uhadhiri kwetu hauhitaji cheti chochote kati ya hivyo. Unahitaji shahada na machapisho. Usiuze kiwanja kwa ajili ya cheti usichoweza kukipata.

Utajua umefaulu ukiwa na jina la mhadhiri mmoja aliyekubali, kwa maandishi, kuusoma mpango wako.

## Hatua ya 2: Chagua tabia moja, uielezee mpaka jirani aione

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo tusiharakishe.

Mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley, waliokuwa Chuo Kikuu cha Kansas, waliandika katika toleo la kwanza la jarida la Journal of Applied Behavior Analysis (JABA) sifa saba za uchanganuzi wa tabia unaotumika. Sifa ya kwanza ni kwamba tabia inayofanyiwa kazi iwe na maana kwa maisha ya mhusika. Anza na sifa hiyo. Jiulize: mtoto huyu akijifunza jambo hili, siku yake itabadilika vipi?

"Kuboresha mawasiliano" haliwezi kupimwa. "Kupunguza usumbufu" ni baya zaidi, kwa sababu usumbufu ni hisia ya mwalimu, haumo ndani ya mtoto. Tafuta kitendo chenye mwanzo na mwisho.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho. Watoto watatu wenye usonji, wa miaka saba hadi tisa, hawatumii maneno. Kila mmoja akipewa chombo chenye kifuniko kigumu, hupiga kelele, hukitupa au huuma mkono wake. Mama zao wanasema jambo hilo hilo nyumbani. Tabia tunayoifundisha ni kuomba msaada. Ufafanuzi wake ni huu: *ndani ya sekunde 10 tangu apewe kopo lililofungwa, mtoto anachukua kadi yenye picha ya mkono na kuiweka kwenye kiganja cha mwalimu, bila kuguswa, kuelekezwa kwa kidole wala kuambiwa.*

Ona jinsi ufafanuzi unavyofunga mianya. Kadi ikianguka chini, haihesabiwi. Akiiweka mezani karibu na mwalimu, haihesabiwi. Mwalimu akisema "haya, omba", haihesabiwi.

Mpe ufafanuzi huo mwenzako ambaye hajawahi kukaa na watoto hao. Muonyeshe video fupi au mwigizie mara kumi. Mkitofautiana mara tatu, kosa liko kwenye sentensi yako. Iandike upya.

Tahadhari. Mtoto anayejiumiza vibaya, anayegonga kichwa ukutani au kujiuma hadi damu, si wa tasnifu yako ya kwanza. Huyo anahitaji daktari na timu yenye uzoefu. Pia usimnyime mtoto chakula, maji au choo ili "awe na hamu". Katika mfano wetu, ndani ya makopo mna vitu vya kuchezea anavyovipenda. Chakula chake cha mchana hufunguliwa kama kawaida.

## Hatua ya 3: Vibali na ridhaa

Tanzania, mwanafunzi hupata barua ya utambulisho na kibali kupitia chuo chake. Barua hiyo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa Afisa Elimu na mwalimu mkuu. Kenya, unaomba leseni ya utafiti NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ukiwa tayari na idhini ya kamati ya maadili, ndipo unajitambulisha kwa ofisi za elimu za kaunti. Tenga miezi miwili hadi mitatu. Anza kuzungusha barua siku pendekezo lako linapopitishwa, usingoje wiki ijayo.

Kubwa kuliko mihuri yote ni mzazi. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili anachokisema, ukurasa mmoja, na uisome naye. Usimpe mtoto aipeleke nyumbani kwenye begi. Nenda.

Mama wa mtoto atakuuliza, "Mwalimu, akishajifunza hiyo kadi, ataacha kabisa kujifunza kusema?" Ni swali la haki, na atakuuliza hata kama fomu imelijibu. Mwambie, "Hapana mama. Kadi inampa njia ya kuomba leo, na maneno tutaendelea kuyafundisha vile vile. Na ukiona humtaki tena kwenye kazi hii, hata kesho, tunaacha, na mimi nitabaki kuwa mwalimu wake." Sentensi ya mwisho iseme kwa dhati. Mzazi anayemtegemea mwalimu kwa kila kitu hawezi kukataa kirahisi, na kamati nzuri ya maadili itakuuliza umefanya nini kuhusu hilo. Njia mojawapo ni kumwomba mtu mwingine, asiye mwalimu wa mtoto, aichukue saini.

Mtoto naye anaridhia, kwa mwili wake. Akigeuza uso, akiondoka mezani au akisukuma kopo na kwenda zake, kipindi kimeisha. Andika kanuni hiyo kwenye pendekezo.

Kama utarekodi video, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Tanzania, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kwa Kenya. Video haiwekwi kwenye kundi la shule, haitumwi kwa msimamizi kwa WhatsApp, na ina tarehe ya kufutwa.

Utajua umefaulu mzazi akiweza kukueleza kwa maneno yake mwenyewe utakachomfanyia mwanawe.

## Hatua ya 4: Pima kabla hujafundisha

Hiki ni kipimo cha awali, na kwa mwalimu mwenye huruma ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa unatazama bila kusaidia kwa namna uliyoizoea.

Kaa na mtoto mezani. Kadi iko mbele yake. Mpe kopo linaloonyesha ndani, lenye kigari chake chekundu. Analitikisa. Anatia kifuniko mdomoni. Midomo yako imefumba, unahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Sekunde ya kumi ikifika, mfungulie, acheze dakika moja. Hakuna adhabu, hakuna "umekosea". Makopo matano, nafasi tano, kipindi kimekwisha. Hakizidi dakika kumi na tano.

Mikono yako imeshika makopo, utaandikaje? Hapo ndipo maharage yanapofanya kazi. Weka punje tano mfuko wa kulia. Kila mara mtoto anapoomba mwenyewe, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Kipindi kikiisha, hesabu, andika papo hapo. Mwenzako anaandika nafasi kwa nafasi kwenye karatasi yake, bila kuona hesabu yako.

Ukikuta mtoto mmoja analia sana kila anapoona kopo, punguza ugumu wa kifuniko au simamisha. Takwimu hazina thamani ya machozi ya mtoto.

Vipindi vingapi? Viwango vinavyotumiwa sana kupima ubora wa tafiti za namna hii, vya What Works Clearinghouse ya Marekani, kwa miaka mingi vilitaka angalau nukta tano kwa kila awamu ili utafiti usiwe na dosari. Tano ziwe kiwango chako cha chini. Lakini idadi peke yake haitoshi: mstari uwe umetulia. Kama mtoto ameanza kupanda mwenyewe katika kipimo cha awali (asilimia 0, 20, 20, 40, 60), usianze kufundisha. Hutaweza kumwambia mtu yeyote kwamba ni wewe uliyemfundisha.

Makubaliano ya wahesabuji. Angalau kipindi kimoja kati ya vitano, katika kila awamu, kiwe na wahesabuji wawili. Hesabu ni rahisi: nafasi mlizokubaliana, gawanya kwa nafasi zote, zidisha kwa 100. Mkikubaliana katika nafasi 18 kati ya 20, ni asilimia 90. Chini ya 80, simama, rudi kwenye ufafanuzi wa tabia.

Kipengele hiki ndicho ninachokikuta kimekosekana mara nyingi kuliko vyote. Mtafiti anaandika kwamba mwenzake "alithibitisha" takwimu. Alithibitisha vipi? Lini? Nafasi ngapi? Bila jibu, jarida litakurudishia makala siku ya kwanza.

## Hatua ya 5: Fundisha kwa kupishana

Ukiwafundisha watoto wote watatu siku moja na wote wakapanda, msomaji atauliza: pengine ni mwalimu mpya aliyefika mwezi huo? Pengine ni dawa? Pengine wamekua tu?

Ndiyo maana unapishanisha. Mtoto wa kwanza anaanza kufundishwa baada ya vipindi vitano vya kipimo cha awali. Wa pili na wa tatu wanaendelea kupimwa tu. Wa kwanza akishapanda na wengine bado wako chini, unamwanzisha wa pili, tuseme baada ya kipindi cha nane au cha tisa. Wa tatu vivyo hivyo baadaye. Kila mmoja akipanda pale tu zamu yake inapofika, umeonyesha jambo lile lile mara tatu, katika nyakati tatu tofauti, na maelezo mengine yanaishiwa nguvu.

Kuna muundo mwingine wa kuondoa mafundisho na kuyarudisha ili kuona tabia ikishuka na kupanda. Usiutumie kwa ujuzi kama huu. Mtoto aliyejifunza kuomba msaada hapaswi kunyang'anywa, na kwa vyovyote hawezi kuusahau kwa amri yako.

Mafundisho yenyewe yaandike kama maelekezo ya mapishi, mtu mwingine aweze kuyafuata. Mtu wa pili anakaa nyuma ya mtoto. Kopo linapotolewa, anauongoza mkono wa mtoto kwa upole hadi kwenye kadi na kwenye kiganja cha mwalimu. Kopo linafunguliwa hapo hapo, na hilo ndilo tuzo. Vipindi viwili vya mwanzo msaada hutolewa mara moja. Baadaye subiri sekunde tatu kwanza, kisha tano. Aliye nyuma hasemi kitu. Mtoto akiukataa mkono wake, msaada wa kushikwa unaachwa na unatumia kuonyesha kwa kidole. Kumbuka kwamba nafasi yenye msaada wowote haihesabiwi kuwa ameomba.

Tengeneza orodha ya hatua sita au saba, mwenzako aweke alama kama kweli ulizifuata. Mwalimu aliyechoka siku ya Ijumaa hufundisha tofauti na wa Jumatatu, na orodha hiyo itakuambia.

Mtoto akishafikia, tuseme, nafasi nne kati ya tano kwa vipindi vitatu mfululizo, pima mambo matatu: anaomba kwa mwalimu mwingine? Anaomba nyumbani, chupa ya maji ikimshinda? Mwezi mmoja baadaye bado anaomba? Kisha waulize wazazi kama mabadiliko haya yana maana kwao. Wolf huyo huyo aliandika mwaka 1978 kuhusu umuhimu wa maoni ya jamii katika kazi zetu, na hadi leo kuna tasnifu zinazoliacha jambo hili.

## Hatua ya 6: Chora

Mchoro ndio hoja yako yote. Chora michoro mitatu, mmoja juu ya mwingine, mtoto wa kwanza juu. Mstari wa chini ni namba ya kipindi, wa wima ni asilimia, kuanzia 0 hadi 100 kwa wote. Panapoanzia mafundisho weka mstari wa wima wa vidoti, na usiunganishe nukta za pande zake mbili. Mistari hiyo mitatu ya vidoti itashuka kama ngazi kutoka kushoto kwenda kulia.

Kisha usome kwa macho: kiwango kimepanda kiasi gani? Mwelekeo ukoje? Nukta zinayumba? Zimepanda haraka baada ya mstari, au vipindi sita baadaye? Kuna nukta za mafundisho zilizo sawa na za kipimo cha awali? Andika yote, pamoja na mtoto aliyepanda kidogo. Huyo asiyepanda vizuri usimfiche. Mtahini mwenye uzoefu humwamini zaidi mtafiti mwenye mtoto mmoja aliyemshinda.

Utajua umefaulu mwalimu asiyejua takwimu akiutazama mchoro na kukuambia, bila kuulizwa, ni lini ulianza kufundisha.

## Hatua ya 7: Geuza tasnifu kuwa makala

Fanya hivi ndani ya miezi sita baada ya kuhitimu, kabla kazi za shule hazijakumeza. Tasnifu ya kurasa 100 inakuwa kurasa 20 hadi 25. Sura ya pili yote, ile ya nadharia, inabaki aya tatu au nne. Mbinu na matokeo ndiyo yanayobaki karibu kamili.

Jarida la African Journal of Disability, linalochapishwa Afrika Kusini na kusomwa bure mtandaoni, ni mahali pazuri pa kutazama. Behavior Analysis in Practice hupokea kazi za watendaji. JABA ni gumu, lakini kusoma makala zake ndiko kutakakokufundisha kuandika sehemu ya mbinu. Kabla ya kutuma popote, hakikisha ada. Ukipokea barua pepe inayoahidi kuchapisha ndani ya siku tano, ifute. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure. Jarida bandia likishaingia kwenye wasifu wako, kulitoa ni vigumu.

Jisajili ORCID pia, upate namba ya kudumu ya kukutambulisha kama mtafiti. Ni bure.

## Hatua ya 8: Mwandikie msimamizi mmoja mmoja

Barua inayoanza na salamu za jumla na kutumwa kwa maprofesa 40 haijibiwi. Chagua watu watano au sita. Kwa uchanganuzi wa tabia na usonji, anza kutazama Kansas, Western Michigan na Utah State kwa Marekani. Kwa Uingereza tazama Bangor, Queen's ya Belfast, Warwick na Kituo cha Tizard cha Kent. Soma makala mbili za kila mmoja, za miaka ya karibuni.

Barua iwe na aya nne, isizidi maneno 250:

1. Swali moja mahususi linalotokana na makala yake. Mfano: yeye alifundisha kuomba msaada kwa kutumia tableti, je, mafanikio yale yangepatikana kwa kadi ya karatasi, katika kitengo chenye watoto 25 na walimu wawili?
2. Ulichofanya: watoto watatu, tabia moja, matokeo kwa sentensi mbili.
3. Unachotaka kukifanya katika uzamivu.
4. Ombi dogo: je, anapokea wanafunzi mwaka ujao?

Ambatanisha mchoro wako, ukurasa mmoja, na wasifu. Mchoro huo ndio utakaofunguliwa kwanza.

Tuma kati ya Agosti na Oktoba kama unalenga Marekani, kwa maana programu nyingi hufunga maombi Desemba au Januari. Usipojibiwa kwa wiki tatu, kumbusha mara moja tu.

## Hatua ya 9: Fedha, kisha usaili

Marekani, uzamivu wa elimu maalumu mara nyingi huendana na kazi ya usaidizi wa utafiti au ufundishaji inayolipa ada na posho. Uliza hivyo moja kwa moja. Kuna mtego mmoja hapa: programu nyingi zinazotangaza "ufadhili kamili" hulipiwa na ofisi ya serikali yao ya elimu maalumu, OSEP, na fedha hizo kwa kawaida ni za raia na wakazi wa kudumu. Muulize profesa kama ana chanzo kingine kwa mwanafunzi wa nje, kabla ya kulipa ada ya maombi. Ufadhili wa Fulbright wa Marekani na wa Commonwealth wa Uingereza ni njia nyingine, na DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa kusomea ndani ya Afrika. Masharti ya nchi hutofautiana, kwa hiyo soma orodha ya mwaka husika.

Kwenye usaili, uwe wa uzamivu au wa kazi ya Mhadhiri Msaidizi kupitia Sekretarieti ya Ajira, utaulizwa jambo moja ambalo waombaji wengi hawajajiandaa nalo. Watu wazima wenye usonji, wengi wao, wameikosoa vikali fani ya uchanganuzi wa tabia: kwamba iliwalazimisha watoto kutazama watu machoni, kutuliza mikono, kufanana na wengine. Zilikuwapo hata taasisi zilizotumia mshtuko wa umeme, na chama cha kimataifa cha wachanganuzi wa tabia, ABAI, kilitoa msimamo wa kuupinga mwaka 2022 tu. Usijibu kwa kujitetea. Eleza ulichagua tabia gani na kwa nini ilimfaa mtoto mwenyewe, ulifanya nini aliposukuma kopo na kuondoka, na mama yake alisema nini mwezi mmoja baadaye.

Chapa nakala sita za mchoro, uwagawie wasaili kabla hujaanza kuzungumza. Umeme ukikatika, utaendelea.